Hali za afya katika hesabu ya kichocho: kwa nini kamati zinapaswa kuuliza



Wataalamu wakitaka kujua kama fedha za mradi wa afya zitaleta faida, hawawezi kusubiri miaka ishirini. Hutengeneza kijiji cha kuigiza ndani ya kompyuta, wakawapitisha watu wake mwaka hadi mwaka. Lakini kwanza huamua mtu anaweza kuwa katika hali zipi za afya. Uamuzi huo ndio unaofanya mradi mmoja uonekane una faida na mwingine hasara.

Tuchukue kichocho cha mkojo, ambacho si kigeni hapa Mwanhuzi na Meatu kwa jumla. Konokono wanaokieneza huishi katika malambo. Lambo likikauka hujificha ndani ya tope, na mvua ikirudi huamka.

Tuseme mtaalamu ameweka hali mbili tu, mzima na mgonjwa. Mtoto akimeza prazikwanteli anahesabiwa mzima. Tangu mwaka 2007 kampuni ya Merck ya Ujerumani imekuwa ikitoa dawa hiyo bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Basi hesabu itasema: gaweni dawa, kisima cha nini?

Mwili hauendi hivyo. Dawa huua minyoo iliyokomaa, lakini michanga huponyoka. Madhara ya mwanzo kwa watoto huweza kupona, ila makovu ya zamani ya kibofu hayaondoki. Na kesho mtoto anarudi lamboni. Kwa hiyo hali zinazofaa ni kama hizi:

1. Hana maambukizi wala madhara ya kudumu.
2. Maambukizi mepesi: mayai chini ya 50 katika mililita 10 za mkojo.
3. Maambukizi mazito: mayai 50 au zaidi.
4. Madhara ya kudumu ya kibofu, figo au via vya uzazi, awe bado ana minyoo au hana.
5. Amefariki.

Kanuni ni ile ya daftari la jumuiya ndogo ndogo: kila mtu aandikwe mahali pamoja tu, na asiachwe mtu nje.

Kisha kila hali hupewa uzito, yaani inampunguzia mtu afya kiasi gani. Katika hesabu za dunia za miaka ya 1990, kichocho kilipewa nusu ya asilimia moja tu. Mwaka 2005 Charles King na wenzake wa Marekani walipitia tafiti nyingi, wakaona ni kati ya asilimia 2 na 15. Ugonjwa ni uleule, lakini thamani ya kuuzuia imepanda mara nyingi.

Hali zikipangwa vizuri, dawa inabaki na faida yake, hasa ikitolewa mapema. Lakini kisima na choo navyo vinapata haki yao, kwa kuwa vinapunguza kuambukizwa tena.

Kwa hiyo mkiletewa andiko la mradi lenye hesabu za namna hii, ulizeni mambo matatu. Aliyetibiwa anaweza kuambukizwa tena? Mama mwenye madhara ya zamani amewekwa wapi? Uzito wa kila hali umetoka wapi?

Huhitaji kuwa mchumi ili kuuliza. Anayechota maji lamboni ndiye anayejua hali zipi zimesahaulika.