Mwili Wenye Mawazo: Utangulizi wa Elimu ya Msongo

Elimu ya msongo huchunguza jambo ambalo hakuna nyumba isiyolijua. Mtu kaachishwa kazi, au anauguza mzazi, au muhula unafunguliwa na ada haijulikani itatoka wapi. Miezi michache baadaye anaanza kuumwa yeye: usingizi umepaa, presha imepanda, mafua hayaishi. Shida za moyoni zimeingiaje mwilini?

Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti aliyefanya kazi Montreal, Kanada, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature kuhusu panya aliowapitisha katika mateso mbalimbali: baridi kali, majeraha, kuchoshwa kupita kiasi. Mateso yalitofautiana, madhara yakafanana. Tezi za adrenali, zinazokaa juu ya figo, zilivimba. Tezi ya thaimasi, ambamo chembe za kinga hukomaa, ilinywea. Matumbo yakaota vidonda. Taaluma yetu ilianzia hapo.

Homoni za adrenali, yaani adrenalini na kotisoli, si adui zetu. Nyoka akikatiza njiani, ndizo zinazokimbiza moyo na kujaza sukari kwenye damu ili uruke upesi. Nyoka akishapita, mwili hutulia. Deni halipiti hivyo. Unalala nalo na kuamka nalo, na mwili hukaa tayari kwa vita usiku na mchana. Kwa hiyo mazoea ya kujitunza nayaona kuwa njia za kuuarifu mwili kwamba, kwa saa hii, uko salama.

Usingizi ndio wa kwanza. Kwa kawaida kotisoli hupanda alfajiri na kushuka jioni, na mtu anayekesha huuvuruga mpangilio huo. Kahawa ya saa 10 jioni huzidisha: kwa watu wengi, baada ya muda wa saa 5 hivi nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kutembea nako kuna nafasi yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mwendo wa haraka kwenda sokoni unahesabika. Hata pumzi husaidia, kwani ukiitoa taratibu, ndefu kuliko ulivyoivuta, mapigo ya moyo hupungua papo hapo.

Lakini ninalotaka msomaji alishike zaidi ni watu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, Robert Sapolsky wa Marekani alikuwa akirudi Masai Mara, Kenya, kupima homoni katika damu ya nyani. Aliona kwamba cheo cha nyani kundini peke yake hakielezi kila kitu: madume waliokuwa na wenzao wa kukaa nao na kuchambuana manyoya walikuwa na kotisoli ya chini kuliko waliojitenga. Kwa binadamu, ushahidi unaonigusa kuliko wote unatoka Harare, Zimbabwe. Huko Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianzisha mwaka 2006 kazi ya kuwafundisha akina bibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, kisha kuchagua nao tatizo moja la kuanza kulitatua. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Ndiyo maana sikubaliani na wanaofundisha kujitunza kana kwamba ni shughuli ya mtu aliyejifungia chumbani.

Mazoea haya hayalipi deni wala hayarudishi kazi, na hayachukui nafasi ya tiba. Huzuni nzito, au kukosa hamu hata ya vitu unavyovipenda, ikidumu wiki 2 mfululizo, nenda kituo cha afya. Mawazo ya kujiua yakikujia, usisubiri hata siku moja.

Anayetaka kuanza leo asijitwishe yote. Achague saa moja ya kuamka na kuishika kila siku, hata Jumapili. Kisha, kabla ya jua kuzama, amwombe jirani au ndugu watembee pamoja kidogo, simu zikiwa zimebaki nyumbani.