Mipira Mitatu Haimfundishi Bondia Kukwepa

Juzi kijana mmoja wa Manzese anayejifunza ndondi alinisimamisha kituo cha basi. Ameona picha za Vasiliy Lomachenko wa Ukraine akirusha mipira midogo na kuidaka, naye sasa hutumia nusu saa ya kila mazoezi kufanya hivyo hivyo. Mwezi ujao anapanda ulingoni. Je, itamsaidia?

Swali hilo si la mzaha. Lomachenko, aliyestaafu mwaka 2025, alitwaa dhahabu ya Olimpiki Beijing mwaka 2008 na London mwaka 2012. Alipokuwa mtoto, baba yake Anatoly, ambaye ndiye mwalimu wake, alimsimamisha ndondi akamtaka ajifunze kwanza ngoma za asili za kwao. Aliyewahi kuitazama miguu ya bondia yule hawezi kuzicheka ngoma hizo.

Lakini mwaka 1901 Wamarekani wawili, Edward Thorndike na Robert Woodworth, walieleza kwamba kujifunza jambo moja humfaa mtu katika jambo jingine kwa kadiri mambo hayo yanavyofanana ndani yake. Ngoma na ndondi zina udugu: kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kushika mapigo, kugeuka bila kuyumba. Kuruka kamba vivyo hivyo. Mipira je? Hapo udugu ni wa mbali. Mpira umeurusha mwenyewe, unajua utakapoangukia. Ngumi ya mpinzani haina adabu hiyo! Bondia mzoefu hangoji kuiona ngumi. Huona bega likishuka, nyonga ikizunguka, naye tayari ameanza kukwepa. Jicho hilo hupatikana mbele ya mtu anayepiga.

Wapo watakaonitajia utafiti wa Ujerumani uliotangazwa mwaka 2004. Ni kweli, watu waliojifunza kurusha mipira mitatu kwa miezi mitatu walionekana kuongezeka sehemu fulani za ubongo, zile zinazohusika na kutazama vitu vinavyokwenda. Walipoacha kwa miezi mitatu mingine, ongezeko likapungua. Na hakuna aliyewavisha glavu.

Tena tunasahau jambo moja. Lomachenko alipigana karibu mara 400 katika ndondi za ridhaa, akashindwa mara moja tu. Picha ya mipira inapendeza. Mapambano 400 hayaenei kwenye picha. Na waliorusha mipira wakapigwa, nani atawapiga picha?

Nilimwambia kijana yule kwamba mtoto wa miaka tisa ana muda wa kucheza ngoma. Yeye ana wiki nne. Mipira aichezee dakika tano za kupasha mwili moto, au siku ya kupumzika, maana angalau haimpigi mtu kichwani. Nusu saa ile amwombe mwenzake amshikie pedi na kumrushia ngumi za polepole, azikwepe.

Akaniuliza kama mchiriku nao unahesabika kuwa ngoma. Nikamjibu unahesabika, mradi visigino visiguse chini. Basi lake likaja.