Fizikia mwaka wa pili: kwa nini kijana wa A huanza kujiona mjinga

Karibu kila mtaa hapa Pwani una kijana wake wa A ya fizikia. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mama hupigiwa simu za pongezi siku nzima, na kijana huitwa "profesa" kabla hajapanda basi la kwenda chuoni. Mwaka wa pili kijana yule yule huja likizo kimya, daftari hafungui. Akiulizwa masomo vipi, jibu ni "yaenda tu". Wazazi hudhani ni simu, au marafiki wabaya, au muguka. Mara nyingi si hayo.

Kilichobadilika ni somo lenyewe. Shuleni mwanafunzi hupewa kanuni: kasi ya mwisho ni kasi ya mwanzo ukijumlisha mchapuko mara muda. Anatia namba, anapata jibu. Lakini kanuni ile hufaa tu pale mchapuko usipobadilika. Chukua boti iliyozimwa injini ikikaribia gati. Maji huizuia, na kadiri kasi inavyopungua ndivyo kule kuzuiwa nako kunavyopungua. Hapo kanuni ya shuleni haisaidii kitu. Mwanafunzi lazima aandike mlinganyo wake mwenyewe, kisha autatue kwa kalkulasi, ile aliyoonjeshwa kidogo tu mwisho wa sekondari. Swali moja laweza kula jioni nzima na lisitoke. Kwa mtu aliyezoea kumaliza maswali 20 kwa kikao kimoja, hiyo ni ishara kwamba akili zimekwisha.

Tena darasani kila mmoja alikuwa wa kwanza shuleni kwao, basi hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema "sijaelewa". Kila mtu auona ukimya wa mwenzake na kudhani ni ufahamu.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake waliofaulu sana masomoni na kazini, ilhali ndani ya nyoyo zao waliamini wamewahadaa watu na siku moja watafichuliwa. Vyeti walikuwa navyo mkononi. Kwa hivyo kujiona hufai si kipimo cha kufaa.

Hata wakubwa wa fani hii yamewakuta. Richard Feynman, akiwa profesa kijana katika chuo cha Cornell baada ya Vita vya Pili, aliona amekwisha. Akaamua kuifanya fizikia kama mchezo. Siku moja mkahawani mtu akarusha sahani juu, naye akaanza kupiga hesabu za jinsi ilivyoyumba. Mwenyewe alisimulia kwamba kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1965 ilitokana na mchezo ule.

Kwa mwanafunzi wetu, dawa ya kwanza ni kurudi kwenye hisabati ya mwaka wa kwanza bila haya. Pili, kukaa watatu au wanne, mmoja aeleze ubaoni na wengine wamhoji. Kwa mhadhiri asiende na "sielewi" tupu. Aende na karatasi aonyeshe alipokwama. Na ikiwa hali, halali, au karo ndiyo inayomkosesha raha, hilo si la fizikia: amwone mshauri wa wanafunzi mapema.

Nasi nyumbani tupunguze "profesa wetu". Jina lile ni mzigo. Badala ya kumuuliza amepata ngapi, mwambie amweleze babu yake mvuvi kwa nini bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Babu azijua siku. Kijana ataeleza kwamba wakati huo jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, na mwezi ukiwa nusu mivuto yao hupingana, ndiyo maana ya maji mafu.

Wapo watakaohama kozi, na si aibu. Ila uamuzi huo usifanywe wiki ya matokeo. Arudie hisabati muhula mmoja kwanza, kisha aamue.