Nani Anakula Bando la Shule? Kuchuja Pakiti kwa Wireshark

Ukipangiwa mazoezi ya kufundisha Kibondo au Kasulu, usishangae kukabidhiwa maabara ya kompyuta hata kama somo lako ni Historia. Wewe si umetoka chuo? Basi na lawama za intaneti ni zako. Shuleni kwetu Kibondo bando la mwezi lilikuwa linaisha ndani ya wiki, na kidato cha tatu wakafungiwa maabara kwa tuhuma za kuangalia video. Ushahidi hakuna.

Ushahidi unapatikana bure. Wireshark, programu iliyoanzishwa na Gerald Combs mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, hunasa pakiti zinazopita kwenye kadi ya mtandao ya kompyuta yako. Hapo kwenye "yako" ndipo wengi wanakwama: ukichomeka laptopu kwenye swichi kama mashine nyingine, mawasiliano ya wenzako karibu yote hutayaona. Mimi niliweka modemu kwenye laptopu, nikaigawa intaneti kwa kebo hadi kwenye swichi, kila kitu kikapitia kwangu. Niliomba kwanza ruhusa ya mkuu wa shule, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina utani na anayenasa mawasiliano bila idhini.

Muda mfupi tu unapata maelfu ya mistari. Sasa chuja. Kichujio cha kunasa unakiandika kabla ya kuanza, mfano:

host 192.168.137.14

Ni kama chekeche la unga wa muhogo, ila kilichobaki juu kimeshamwagwa, hukipati tena. Kichujio cha kuonesha unakiandika juu ya orodha ya pakiti zilizonaswa:

ip.addr == 192.168.137.14

Hiki kinaficha tu. Ukikifuta, zote zinarudi. Sarufi zao ni tofauti, ndiyo maana ukiandika ile ya "host" hapa kisanduku kinakuwa chekundu. Kijani maana yake umeandika vizuri, si kwamba umeuliza swali la maana! Kama hujui unachotafuta, nasa vyote.

Nilifungua menyu ya Statistics, kisha Conversations, nikapanga kwa baiti kuona mashine inayovuta zaidi. Halafu nikaandika:

ip.addr == 192.168.137.14 && dns.flags.response == 0

Hapo yanabaki maswali ya kutafuta seva. Maudhui mengi siku hizi yamefichwa, huwezi kuyasoma, lakini majina ya seva mara nyingi yanaonekana. Ya kwetu yalikuwa ya masasisho ya mfumo endeshi: mashine 12, kila moja inavuta mzigo uleule, maabara imefungwa na wanafunzi wako mstarini.

Tuliziwekea mashine alama kwamba intaneti yake ni ya kulipia kwa kipimo, masasisho yakatulia. Kidato cha tatu walirudishiwa maabara Jumatatu. Mwenzangu wa Kasulu alichuja vilevile, yeye akakuta video kweli, ila simu zilizokuwa zinazivuta zilikuwa ofisi ya walimu.