Mafuta ya Karafuu Hadi Mwanza



Karafuu yetu si ya chungu cha pilau tu. Kiwandani Wawi, Chake Chake, makonyo hutolewa mafuta yenye yujenoli, dawa waijuayo sana waganga wa meno. Mwanza, penye Ziwa Viktoria, mna saluni na maduka ya dawa tuwezayo kuyapelekea sabuni na mafuta ya nywele. Lakini tuangalie: mafuta matupu ya karafuu huunguza ngozi, hapana budi yazimuliwe kwa mafuta ya nazi. Tena, tangu 2019 vipodozi vya Bara vyasimamiwa na TBS. Bila ya usajili visipelekwe. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwa madhara yake, na aliyedhurika huogopa kila chupa. Tukighushi moja, twaharibu jina la sote.