Undugu wa Rangi

Mvua ikiisha kunyesha katika nchi ya Aru, vitu vyote huonekana kama vimeoshwa. Barabara ni nyekundu. Majani ya mhogo ni ya kijani. Mbingu kati ya mawingu ni ya buluu, na mabati mapya yang'aa kama fedha. Siku ya soko huko Ariwara rangi huzidi tena. Vitenge vimetundikwa kwenye kamba, nyanya na pilipili zimepangwa mafungu mafungu, na ndizi mbivu ziko karibu yake. Ukimwuliza mtoto, "Rangi ziko ngapi?" ataanza kuhesabu kwa vidole, kisha ataacha, maana vidole vimekwisha na rangi bado.

Lakini rangi zina ukoo. Ziko rangi za mama, wako watoto wao, wako majirani wapatanao na majirani wagombanao. Mtu ajuaye ukoo huo aweza kufanya kazi nyingi kwa rangi chache. Asiyeujua atanunua makopo kumi, na kazi yake haitapendeza.

Kwanza majina yake. Kiswahili kina maneno matatu tu ya rangi ambayo hubadilika pamoja na jina la kitu: -eupe, -eusi na -ekundu. Watu husema nguo nyeupe, mti mweupe, kiti cheupe, jino jeupe. Rangi nyingine zimekopa majina yao kwa vitu. Kijani imetoka kwa jani, na kijivu kwa jivu. Kahawia imetoka kwa kahawa. Manjano ni kile kiungo kitiwacho katika mchuzi. Zambarau na chungwa ni matunda. Samawati ni neno la Kiarabu la mbingu, na buluu limetoka Ulaya. Hakuna aibu katika kukopa huku. Mzee asemaye "rangi ya majani machanga ya ndizi" aeleza vizuri kuliko yule asemaye "kijani" tu, kwa sababu kijani ni nyingi kama majani yenyewe.

Sasa tazameni bendera ya Kongo wakati ipandishwapo mlingotini asubuhi. Bendera hii ilianza kutumika mwaka 2006. Ni ya buluu kama mbingu. Pembeni juu, upande wa mlingoti, iko nyota ya manjano. Katikati umepita mshazari mwekundu, na kando zake mbili zina mstari mwembamba wa manjano. Buluu, manjano, nyekundu: hizo ndizo rangi tatu za mama, ambazo tangu zamani wapaka rangi wameziweka mbele ya nyingine zote. Huwezi kuchanganya rangi nyingine za kopo ukapata manjano safi. Lakini kwa hizo tatu utapata nyingine nyingi.

Twaa manjano, utie buluu kidogo kidogo. Itakuwa kijani. Usitie buluu nyingi mara moja, maana ina nguvu, nayo itameza manjano yote. Manjano na nyekundu huzaa rangi ya chungwa. Nyekundu na buluu huzaa zambarau, ila ukichagua nyekundu iliyo karibu na chungwa, zambarau yako itakuwa chafu kidogo. Nyeupe huifanya rangi kuwa changa: nyekundu na nyeupe hutoa waridi. Nyeusi huifanya kuwa nzito. Lakini jaribuni kutia nyeusi kidogo katika manjano. Watoto wengi hungoja manjano iliyokoza. Wapatacho ni kijani cha majani makavu. Fundi mzoefu huitumia njia hiyo akiishiwa na buluu.

Mwingereza Isaac Newton alichunguza mambo haya tangu mwaka 1666. Alifunga madirisha ya chumba, akaacha tundu dogo tu, na mwanga wa jua ukaingia kama fimbo nyembamba. Mbele ya mwanga huo aliweka kioo chenye pembe tatu. Ukutani zikatokea rangi za upinde wa mvua zimefuatana: nyekundu, chungwa, manjano, kijani, buluu, nili, zambarau. Mwanga mweupe, kumbe, una rangi zote ndani yake. Matone ya mvua hufanya kazi ile ile ya kioo cha Newton jua likiwa nyuma ya mgongo wa mtu atazamaye. Katika kitabu alichotoa mwaka 1704, Newton alizipanga rangi hizo katika duara, mwisho ukashikana na mwanzo.

Chora duara hilo katika daftari. Weka nyekundu, manjano na buluu mbali mbali kama mafiga matatu ya jiko. Kati ya kila mbili weka mtoto wao. Utaona kwamba kila mtoto ameketi ng'ambo ya mama asiye wake. Kijani yaikabili nyekundu. Zambarau yaikabili manjano. Chungwa yaikabili buluu.

Rangi ya kopo na rangi ya mwanga si mamoja, wala mtu asizichanganye akilini. Simu hutoa rangi kwa mwanga, nayo ina mama wengine: nyekundu, kijani na buluu. Mwanga mwekundu na mwanga wa kijani vikikutana huwa manjano, jambo ambalo rangi za kopo haziwezi kabisa. Ukidondosha tone dogo sana la maji juu ya kioo cha simu inayowaka, tone litakuza kama lenzi, nawe utaona vinukta vya rangi hizo tatu. (Omba ruhusa kwanza kwa mwenye simu.)

Je, mtoto asiye na franka za kununua kopo atafanyaje? Atazame chini ya miguu yake. Udongo mwekundu una chuma ndani yake, na chuma hicho kimepata kutu, kama panga lililoachwa mvuani. Kutu ndiyo rangi. Udongo wa manjano nao una chuma, lakini chuma chake kimeshikamana na maji. Ukiuchoma motoni, maji hutoka, nao huwa mwekundu. Ndiyo sababu tofali huingia tanuruni likiwa la manjano au la kijivu, hutoka likiwa jekundu. Udongo mweupe hutoa nyeupe. Makaa na masizi ya chungu hutoa nyeusi. Katika msitu wa Ituri, upande wa Mambasa, wanaume wa Wambuti hupondaponda gome la mti mpaka liwe kitambaa, kisha wanawake hulichora kwa maji ya tunda la mgardenia yaliyochanganywa na makaa. Wana karibu rangi moja tu, nyeusi, juu ya kitambaa chenye rangi ya mti. Hata hivyo michoro yao huwekwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, na watu husimama mbele yake muda mrefu.

Unga wa rangi peke yake hautoshi. Ukipaka udongo na maji ukutani, utakapokauka utaanguka kama vumbi. Lazima kuwe na kitu cha kuushika. Uji mwepesi wa unga wa mhogo hushika vizuri, na kiini cha yai hushika zaidi. Manjano ya jikoni hupaka vizuri karatasi, lakini jua huila rangi yake katika siku chache. Tena ina ajabu yake: ukiigusisha maji ya majivu au sabuni, hugeuka kuwa nyekundu ya kahawia. Mama afuaye shati lililomwagikiwa mchuzi amekwisha kuiona ajabu hiyo, wala hakuipenda.

Buluu ndiyo ngumu. Udongo wa Aru hauitoi. Hapo zamani wachoraji wa Ulaya waliipata buluu iliyo bora kwa kusaga jiwe lililochimbwa katika milima ya Afghanistan, na bei yake ilikuwa kubwa sana. Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipata tuzo mwaka 1828 kwa kuvumbua njia ya kuitengeneza kiwandani. Tangu hapo imekuwa rahisi, hata watu wakaweza kuitia katika maji ya kufulia ili nguo nyeupe zionekane nyeupe zaidi. Kidonge hicho cha kufulia, kikisagwa na kuchanganywa na uji wa mhogo, chafaa kwa picha.

Yabaki mambo ya majirani, nayo ndiyo yanayowashinda watu wengi.

Weka kitambaa chekundu mezani, jua likiwaka. Kitazame bila kuhamisha macho, ukihesabu polepole mpaka 30. Kisha tazama mara moja karatasi nyeupe. Utaona kivuli cha kijani, nacho hakipo! Macho yamechoka na nyekundu, kwa hiyo katika weupe wa karatasi yanashika zaidi ile rangi ya ng'ambo. Basi rangi mbili za ng'ambo zikiwekwa bega kwa bega, kila moja huichochea mwenzake. Nyanya nyekundu juu ya jani la kijani huita wanunuzi kutoka mbali. Lakini andika maneno ya kijani juu ya ubao mwekundu, na herufi zitaonekana kama zinatetemeka. Tena wako watu, hasa wanaume, ambao tangu kuzaliwa macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Kwao ubao huo ni kama haukuandikwa kitu. Na rangi hizo hizo za ng'ambo zikichanganywa katika kopo moja, huuana. Hubaki matope ya kahawia.

Waliotengeneza bendera walijua namna ya kutenganisha majirani. Aru iko karibu na mipaka miwili, na watu wake huweza kuziona bendera tatu. Katika ile ya Kongo, mstari wa manjano umesimama kati ya nyekundu na buluu. Katika ile ya Sudani Kusini, nchi iliyopata uhuru mwaka 2011, mistari miembamba myeupe imesimama kati ya nyeusi na nyekundu, na kati ya nyekundu na kijani. Bendera ya Uganda haina mistari ya namna hiyo. Hapo katikati, nyekundu imegusana na nyeusi, na mtu akiwa mbali mpaka wao haumwonekanii upesi, ila manjano huiona mara moja.

Sasa fikirini fundi aliyeagizwa kupaka kibao cha kituo cha afya kando ya barabara. Anapenda nyekundu, kwa hiyo anapaka ubao wote mwekundu, na herufi anaziandika kwa nyeusi. Saa sita mchana watu wanasifu kazi yake. Nyekundu inawaka, na maneno yanasomeka. Fundi anapokea fedha zake, anakwenda.

Saa kumi na mbili na nusu za jioni jua limekwisha kuzama. Mtu anakuja kwa baiskeli kutoka kijijini, amempakia mtoto mwenye homa kali. Hajafika hapa tangu kuzaliwa kwake. Anatazama kulia na kushoto, anapita kibao, anaendelea mbele katika giza. Je, hakuwa na macho? Alikuwa nayo. Lakini mwanga unapopungua, macho ya binadamu hubadili kazi yake. Sehemu zionazo rangi mchana hulegea, na nyingine zifaazo usiku huanza, nazo karibu haziioni nyekundu. Nyekundu hugeuka kuwa nyeusi kabla ya rangi nyingine zote, wakati kijani na buluu bado zaonekana. Daktari mmoja wa Bohemia, jina lake Purkyně, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1825. Mtoto yeyote wa Aru aweza kulijaribu jioni kwa ua jekundu na majani yake. Ua litazama gizani kwanza.

Basi kibao kile jioni kilikuwa nyeusi juu ya nyeusi.

Fundi mwenye akili hafanyi hivyo. Akimaliza kuandika, hurudi nyuma hatua 30, hufinya macho yake mpaka karibu kuyafumba, kisha hutazama. Macho yaliyofinywa hayajali sana rangi; huona weupe na weusi tu. Herufi zikipotea, kazi ni mbaya, hata kama rangi zake ni nzuri kama kitenge kipya. Zikibaki, kazi ni njema. Nyeusi juu ya manjano hubaki. Buluu iliyokoza juu ya nyeupe hubaki. Nyeupe juu ya nyekundu nayo hubaki, maana jioni nyekundu itakuwa nyeusi, na nyeupe itakuwa bado nyeupe.

Kwa hiyo si lazima kukitupa kibao cha kituo cha afya, wala kununua kopo jipya la rangi ya ubao. Yatosha nusu kikopo cha nyeupe na burashi nyembamba, kupita juu ya herufi zile zile. Mtu mwingine ajaye jioni na mgonjwa nyuma ya baiskeli atayasoma maneno kabla hajafika penyewe.

Maswali

1. Kwa nini rangi ya manjano haipatikani kwa kuchanganya rangi nyingine za kopo?
2. Mwenzako ana nyekundu, buluu na nyeupe tu. Ataje rangi anazoweza kupata, na moja asiyoweza kupata.
3. Kusanyeni udongo wa namna tatu kutoka mahali mbalimbali. Chomeni nusu ya kila mmoja motoni. Andikeni yaliyogeuka na yasiyogeuka.
4. Tazameni jina la shule yenu lilivyoandikwa, mchana na tena jioni. Je, lasomeka kwa hatua ngapi?