Umbali wa Angani na Safari ya Walikale (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tuliona kwamba umbali kati ya viwanja viwili vya ndege hupimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Kwa kipimo hicho, kutoka N'djili, Kinshasa, hadi Goma ni kilomita zipatazo 1,560, na ndege ya jeti huzimaliza kwa saa mbili na dakika kadhaa. Anayeondoka Kinshasa saa nne asubuhi na kukaa angani saa mbili na robo, atashuka Goma saa saba na robo, kwa kuwa majira ya mashariki mwa Kongo yametangulia kwa saa moja. Hesabu hizo ni sahihi. Ila kwa mtu wa Masisi au Walikale hazipimi safari yake, na atakayepanga usafiri wa Kivu Kaskazini kwa kuzitegemea atapotea.

Tuitazame Walikale. Kwa mstari ulionyooka iko kama kilomita 130 kutoka Goma. Ndege ndogo hufika kwa nusu saa hivi, na muda mwingi wa safari fupi namna hiyo huishia katika kupanda na kushuka. Lakini katika miaka ya 2000 kasiteriti (madini ya bati) ya Bisie, huko Walikale, ilitoka machimboni mgongoni mwa watu, magunia ya kilo 50, siku mbili za msitu na matope hadi barabarani. Kisha ilipelekwa Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya lami ya barabara ileile, magari yakizuiwa kando hadi zitue. Safari ya mzigo ule iliamuliwa na miguu ya mbebaji, wala si mbawa za ndege.

Wapo wasemao dawa ni kuongeza viwanja. Siafiki. Ndege hufuata mzigo unaolipa: madini yaliipatia Kilambo ndege, lakini maharagwe na jibini ya Masisi hayawezi kulipa nauli hiyo, na kutoka Masisi hadi Goma, kupitia Sake, ni kilomita kama 80 tu za barabara. Wengine husema kizuizi ni vita, si barabara. Hoja hii ina uzito: uwanja wa Goma ulipofungwa kwa sababu ya vita mwishoni mwa Januari 2025, umbali wa Kinshasa haukuongezeka hata mita moja, ila wasafiri walilazimika kuvuka mpaka kwenda kupandia ndege Kigali. Hata hivyo wabebaji wa Bisie walitembea siku zile mbili wakati uwanja wa Goma ukiwa wazi na ndege zikiruka kila siku. Amani itafungua uwanja. Haitaziba shimo hata moja la barabara.

Kwa hiyo wenye dhamana ya uchukuzi wapime muda kuanzia kijijini, masika na kiangazi, na fedha za kwanza ziende kwenye madaraja na barabara za Masisi na Walikale.